Kiduara cha Tjalling

Kwa mambo ya kompyuta, hakuna bibi kijijini kwetu anayeniweza. Tulikuwa wawili, mwenzangu tulimzika mwaka juzi. Kwa hiyo nisikilizeni.

Tjalling aligonga meza kwa kijiko. Kwenye kishikwambi chake kiduara kilikuwa kinazunguka, kinazunguka, na ukurasa haufunguki.

"Baukje, mke wangu, kitu chako kimekufa."

"Hakijafa. Kinafikiri."

"Kinafikiri tangu sijamaliza mkate?"

Baukje ndiye aliyekuwa akiisimamia tovuti ya klabu ya kuteleza kwenye barafu. Alikaa upande wa pili wa meza, kompyuta mapajani, uso ameukunja. Mfereji ulikuwa umeganda sawasawa, baada ya miaka mingi ya matope, na kesho yake, Jumamosi, klabu ingeendesha safari ya kuteleza juu yake kutoka kijiji hadi kijiji. Usajili ulifunguliwa asubuhi ile, mtandaoni tu. Nafasi zikijaa, zimejaa. Na redio ilisema Jumapili mvua, barafu yote iyeyuke.

"Ni hii programu ya ulinzi," alisema Baukje. "Imejisasisha yenyewe jana, sasa inampekua kila mgeni kama askari wa mpakani. Ikimshuku mtu, inamsubirisha."

"Mimi nina nini cha kushukiwa?"

"Uso wako."

Tjalling akachukua simu, akaandika jina lake la uanachama na neno la siri kwa kidole kimoja. Kiduara kikamfuata mpaka huko.

"Izime basi."

"Nikiizima wahuni watatuingilia, wabebe majina yetu yote. Ngoja nifute kumbukumbu za zamani." Akabonyeza. "Jaribu."

Kiduara.

"Ngoja nirudishe toleo la zamani." Akabonyeza tena, akaguna. "Haya, jaribu."

Kiduara.

Tjalling alisukuma bakuli la supu ya njegere, hakuigusa. Viatu vyake vya barafu, vile vyenye visu chini ya soli, vilikwisha kunolewa, vinaning'inia mgongoni mwa kiti. Tangu alipopasuliwa moyo Oktoba, daktari alimkataza kabisa barafu ya mwaka huu. Tjalling alisema daktari yule ni mtu wa kusini, barafu anaijua ya kwenye glasi tu.

"Nampigia mwenyekiti," alisema.

"Mwache Wiebe wa watu. Wanamfokea wilaya nzima saa hizi." Baukje alisugua macho kwa kiganja. "Na mimi nimechoka, Tjalling. Mashine hii itaniua."

Sauti ilimkatika. Tjalling akaona haya, akazunguka meza kuja kumshika bega.

"Basi, basi. Si kosa lako. Mimi ndiye nakusumbua."

Mlango wa nyuma ukafunguliwa bila hodi, kama kawaida yetu. Akaingia jirani yao Sietske, kofia imemshuka hadi kwenye nyusi.

"Tjalling, bado umekaa? Mimi nimejisajili sasa hivi njiani, baiskeli mkono mmoja, simu mkono mwingine. Kufumba na kufumbua, nimepata."

"Umepata wapi? Tovuti imekufa."

"Nani kasema? Wiebe anajisifu haijawahi kwenda mbio hivi. Fanya haraka, zimebaki nafasi chache."

Tjalling alimnyooshea mkono. "Niazime simu yako."

Akaandika jina lake. Kiduara kikaanza kuzunguka. Akamrudishia simu. Sietske akaandika lake, na ukurasa ukafunguka kabla hajanyanyua kidole.

Baukje alikuwa anaifunga kompyuta, polepole, kama mtu anayefunika mtoto aliyelala.

"Baukje," alisema Tjalling, "hii programu yako, mbali na mimi, imemshuku nani mwingine?"

"Wengi," alisema Baukje. "Wengi sana."

"Nitajie mmoja."