Tangi la Clem

“Niyamwage wapi?” dereva aliuliza. Lori lake lilikuwa limejaa mafuta machafu ya mikahawa, na harufu ilimfanya hata yeye ageuze uso.

Merv Tregear alinyoosha kidole kwenye tangi jipya. “Lile lenye homa. Linajidai lina nguvu, wacha lishibe.”

“Yote?”

“Yote, bwana. Na kesho ukija, humo humo.”

Mafuta kidogo hulinenepesha tangi. Mengi kwa mpigo mmoja hulichachisha, na Merv alilijua hilo vizuri.

Matangi yalikuwa mawili, nje ya mji, ng’ambo ya mashamba ya miwa. Yalikula tope la vyoo vya mji mzima, bila hewa, yakatoa gesi. La zamani liliwekwa nyuzi thelathini na saba, joto la mwili wa mtu. Aliyelianzisha ni Clem, kaka yake Merv, na tangu azikwe, Merv aliwalisha wadudu wasioonekana wanaolila tope humo ndani kana kwamba ni kuku wa marehemu. Jipya lilipashwa hadi hamsini na tano, ili tope litoke bila vijidudu vya maradhi na wakulima waweze kulitia shambani. Baraza la mji lilishasema: jipya likifanya kazi hadi Krismasi, la zamani linafungwa.

Jipya lilitunzwa na Rosalba Zanetti, binti wa mkulima wa miwa. Merv hakuwahi kumwita kwa jina.

“Mpishi,” alimwambia wakati wa chai, mbele ya wenzao, “supu imeiva?”

“Inaiva, mzee. Yako bado vuguvugu?”

“Vuguvugu ndiyo inayokaa. Hiyo yako ni ya kuonyesha wageni.”

Watu walicheka. Rosalba alimaliza pai yake ya nyama, akarudi kwenye tangi lake.

Kabla wiki haijaisha, tangi jipya lilianza kutoa povu. Tope likachacha. Gesi ikapungua, kisha ikakatika. Rosalba alipunguza chakula, akatia chokaa, akashinda juu ya ngazi akilisikiliza. Wapi.

“Limevimbiwa, maskini,” Merv alisema, akipita na kikombe chake. “Lipe tangawizi.”

“Ungenisaidia kufikiri, mzee, badala ya kunicheka.”

“Nimeshafikiri. Funga, urudi kwenye miwa ya baba yako.”

Krismasi ilipokaribia, meneja wao, Hockley, alipanda hadi juu ya tangi la zamani, akampa Merv mkono.

“Hongera. Nimewapima wadudu wako. Sijapata kuona wazima kama hawa.”

“Clem hakulea wagonjwa,” Merv alisema. Kifua kilimjaa. “Kwa hiyo yule mpishi anakwenda zake?”

“Aende wapi? Baraza limetuongezea mwaka. Tunamwaga uchafu ule wote, tunaanza upya. Tatizo ni mbegu. Tangi halianzi bila tope hai, na lililo hai limebaki lako tu.”

Merv akacheka kwa dharau. “Haya, aje kuomba. Anataka ndoo ngapi?”

“Ndoo?” Hockley alimtazama kwa mshangao. “Lote, Merv, mpaka sakafuni. Kesho tunalihamishia kule, tunapandisha joto. Wengi watakufa, lakini wale wachache watakaostahimili ndio tunaowataka.”