Jasho la Kioo

Katika mji alioishi Nyamizi, mvuke ulikuwa mali ya umma, na sufuria isiyofunikwa iliweza kumpeleka mtu jela. Lakini mumewe, Lugembe, alikuwa akikohoa hadi mbavu zinamuuma, na Nyamizi hakujua dawa ya kifua zaidi ya kujifukiza. Akachemsha majani ya mkaratusi, akamfunika mumewe pamoja na sufuria kwa blanketi zito, akaziba upenyo wa mlango kwa kanga.

Mara hodi ikapigwa. Akaifunika sufuria, akaisukuma uvunguni, akafungua.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba. Pole kwa kuuguza, binti,” alisema mkaguzi wa mvuke, kioo baridi mkononi.

Akakiinua kioo katikati ya chumba. Nyamizi akabana pumzi. Kioo kikabaki kikavu, maana blanketi lilikuwa limeunywa mvuke wote, likaurudisha kuwa maji.

Nyamizi alipoanza kumshukuru Mungu kimoyomoyo, mkaguzi akainama, akafunua blanketi, akakisogeza kioo mdomoni mwa Lugembe. Kikatanda ukungu, matone yakatiririka.

“Huyu anapoteza maji mengi mno,” alisema kwa upole. Kisha akafungua mkoba wake, akaanza kutafuta mfuniko wa kuenea uso wa mtu mzima.