Maua Yasiyonuswa

Mlangoni mwa hekalu la Wabudha, Bi Mwanakheri alivua viatu, akapokea sahani ya asumini kutoka kwa mwanawe Shaali. Nirosha, mke wa Shaali, alimwalika hapo kila mwaka, naye kila mwaka alipata udhuru. Sasa Nirosha alikuwa ameshafariki, na leo walikuja kumtolea maua.

Kwa mazoea, Bi Mwanakheri aliinamia sahani, akavuta pumzi ndefu.

"Bibi, usinuse!" Mjukuu wake Salha alimshika mkono. "Maua ya kutoa hayanuswi. Ukishanusa, umeshajichukulia wewe."

"Nani kakwambia?"

"Mama. Ndiyo maana alikuwa anayabeba hivi." Msichana alinyoosha mikono mbele, akageuza uso pembeni.

Bi Mwanakheri aliutambua mkao ule. Kila Idi Nirosha alimletea asumini vivyo hivyo, na kila Idi yeye alinung'unika jikoni, "Huyu ananionea kinyaa. Hata maua yangu anayageuzia uso." Kisha aliyaacha yakanyauka barazani.

"Hata yale ya kwangu?" aliuliza polepole.

"Yako ndiyo aliyokuwa akiyachuma kwanza," alisema Shaali. "Haya, Mama, tuingie."

Bi Mwanakheri alinyoosha mikono mbele, akageuza uso pembeni, akavuka kizingiti. Harufu ilikuwa bado imo puani mwake.