Sahani Hairudi Tupu

Jirani aliweka sahani kizingitini, akarudi nyuma, barakoa imemfika machoni.

"Mama, sahani yako hiyo. Yale mahamri watoto waliyapigania mpaka la mwisho."

"Shukran, mwanangu. Nawe hukuirudisha tupu."

Bi Kijakazi akafunga mlango. Chapati zilikuwa bado moto, zimekunjwa vizuri. Tangu korona iwafungie ndani humu Kileleshwa, hodi ya jirani huyu ndiyo pekee aliyokuwa akiisikia. Lakini mikono iliyozisukuma, nani ajuaye imeshika nini?

Alingoja ngazi inyamaze, akashuka nazo hadi kwenye pipa la taka. Alipoinua kifuniko aliyaona mahamri yake, yote, hata moja halijamegwa.

Akazilaza chapati juu yake taratibu, kisha akapanda kukanda unga wa kesho.