Homa ya Chuo

Ukiomba digrii ya uuguzi, chuo kinakuletea homa, na homa hiyo anadungwa mtu wa nyumbani kwako. Ukimuuguza vizuri unapata alama. Baba alikataa katakata, lakini Mama alijifunga kibwebwe, akanyoosha mkono wa sindano.

Leo homa ilianza kushuka. Nilikuwa namnywesha uji huku nikifurahi, mara bangili ya chuo ikatetema mkononi mwangu na kusema: “Waombaji ni wengi, Mwanaidi. Mgonjwa mahututi ana alama zaidi. Ukitaka tuipandishe homa, bonyeza hapa.”

“Tunu atakuwa ameshabonyeza,” Mama alinong’ona.

Tunu ni binti wa jirani, naye anaomba nafasi hiyohiyo. Jana kutwa tulimsikia baba yake akiugulia upande wa pili wa ukuta. Leo kimya.

“Mama, usiseme hivyo.”

“Bonyeza, mwanangu. Mimi si nina muuguzi wangu?”

Akafumba macho kwa amani, kama mtoto aliyebebwa. Nilipoitazama bangili, kidole changu kilikuwa tayari juu yake, na sikumbuki nilikiweka lini.