Vidole Bila Kucha

Kitendawili nakutegea wewe: nina vidole vitano, sina kucha hata moja. Ni nini mimi?

Jumapili moja, hapa Ixelles, Ubelgiji, nilimtegea mwanangu hicho. Sisi tulikula bugali kwa mkono, yeye kwa kijiko, ili vidole visionekane. Tangu atoke Bukavu bila binti yake Gracieuse, kucha hazijaota. Kila nikimuuliza zilienda wapi, huficha mikono mfukoni.

"Ni gant, maman, glavu," alijibu, karibu acheke.

Kwenye televisheni mwanaanga alikuwa akieleza kazi ya nje ya chombo. Glavu za vazi la angani hujaa hewa, zikawa ngumu kama tairi. Kila ukikunja vidole unapigana nazo, mpaka kucha zinang'oka. Akainua mkono tuuone.

Mwanangu akaweka kijiko chini. Akanyoosha vidole vyake mezani, kando ya bugali, akavitazama.

"Alors, nawe ulienda mwezini, papa?" nikamtania mwanangu taratibu.

"Hapana, maman. Bombe iliangusha nyumba. Gracieuse alikuwa ananiita chini ya matofali. Nilichimba na mikono mpaka akanyamaza."