Mfu Aliyegoma

Vojtěch alikuwa ameshakufa alipoinuka, akaokota ngao yake na kusimama mbele ya mkokoteni wa tatu kana kwamba hajaguswa.

Watazamaji wakaangua kicheko. "Mabibi na mabwana," mtangazaji alisema kwenye kipaza sauti, "huyu bwana mbinguni wamemkataa!"

Juu ya kilima kilichotazamana na uwanja, Oldřich alihisi damu ikimpanda kichwani. Maigizo haya ya vita vya wakulima wa Kicheki, waliopigana nyuma ya mikokoteni miaka mia sita iliyopita, ni yeye aliyeyaandaa. Majira yote ya baridi alishinda maktabani akichunguza walivyoshika mikuki, walivyoshona soksi, hata walivyofunga minyororo kati ya mkokoteni na mkokoteni. Na leo, kwa mara ya kwanza, wanahistoria kutoka mji wa Brno walikuwa wamekaa mstari wa mbele. Alitaka waone vita visivyo na kosa hata moja. Sasa shemeji yake ameamua kufufuka.

Sababu aliijua. Asubuhi, kambini, walikuwa wamegombana mbele za watu.

"Kila mwaka mzinga wa kwanza ukilia, mimi chini," Vojtěch alilalamika huku akifunga mkanda wa kofia yake ya chuma. "Kwani nina sura ya maiti?"

"Kuna mpango, shemeji. Na mpango unasema unakufa."

"Basi leo sifi. Nakwambia mapema, usije ukashangaa."

"Utakufa, tena utakufa vizuri! Au utafute kikundi kingine."

Milada, mke wa Oldřich na dada yake Vojtěch, alikuwa amekalia ndoo, amevaa shati la pete za chuma, uso mwekundu kwa joto. "Olda, mume wangu, niache niingie na chupa yangu ya maji. Hili jua na hiki chuma, kichwa kinanizunguka."

"Chupa ya plastiki? Mbele ya wanahistoria?" Oldřich aliipokonya na kuitupa hemani. "Wewe unakufa pamoja na kaka yako. Utalala chini mpaka mwisho. Unataka mapumziko gani zaidi ya hayo?"

Watu walicheka. Vojtěch hakucheka.

Na sasa huyo hapo chini, amevua kofia, kichwa wazi, anapunga ngao hewani kama mtu anayewaita maadui waje. Alikuwa akipiga kelele pia, lakini mizinga ilikuwa ikinguruma na ngoma zikirindima. Kutoka kilimani ulionekana mdomo tu ukifunguka na kufungika. Matusi, Oldřich aliwaza. Ananitukana mbele ya wageni wangu.

Wafu wengine walikuwa na adabu zao. Hata Milada, ambaye miaka yote hujikuna pua akiwa maiti, na mwaka juzi alicheka kabisa, leo alianguka mara moja na kutulia tuli. Oldřich alikuwa amemwona kabla moshi haujatanda, akaona fahari. Angalau mmoja katika ukoo ule alijifunza kufa.

Vojtěch aliinama, akavuta kitu, akainuka. Akainama tena, akavuta kwa nguvu zake zote. Kisha akaacha, akaichomeka ngao ardhini, kubwa kama mlango, na kushika mkuki kwa mikono miwili.

"Mkuu, tusubiri?" aliuliza mpiga tarumbeta. "Yule bado amesimama."

"Piga! Akiona farasi atajiviringisha kama wenzake. Hakuna mtu mkaidi kiasi hicho."

Tarumbeta ikalia. Hapo ndipo wapanda farasi wa mfalme, maadui wa wakulima, hupita mbio sambamba na mikokoteni, palepale walipolala wafu, kwa hiyo kila mfu hufundishwa jambo moja kabla ya yote: ukisikia tarumbeta, jiviringishe uvunguni mwa mkokoteni. Wafu wakajiviringisha. Farasi wakatoka msituni, ardhi ikatetemeka.

Vojtěch hakusogea hata hatua moja.

Kicheko cha watazamaji kikakatika. Farasi walikuja wamebanana, na Vojtěch, yule mtu mnene, kinyozi wa kijiji, akawainulia mkuki na kunguruma kama aliyepagawa. Farasi wa mbele akashtuka, akapinda kulia. Wa pili akapinda kushoto. Kundi zima likapasuka mbele ya ngao ile na kumpita pande zote mbili, udongo ukimrukia usoni, na alipotoweka wa mwisho Vojtěch alikuwa bado amesimama palepale.

Uwanja ukalipuka kwa makofi. Wanahistoria wa Brno waliinuka vitini.

Oldřich hakusikia makofi. Aliteremka kilima mbio, upanga ukimgonga mguuni, huku akipanga maneno ya kumfukuza Vojtěch kikundini maisha yake yote. Ameviharibu. Miezi yote ile, na mkaidi mmoja ameviharibu vita vyake.

"Nilikwambia ufe!" alifoka kabla hata hajamfikia. "Ni kitu gani kigumu hapo? Ulale, basi! Mtoto mdogo anaweza!"

Vojtěch alijifuta udongo usoni. Sauti ilikuwa imemkauka.

"Na mimi nilikwambia sifi," alisema.

Akaing'oa ngao na kuitupa kando. Nyuma yake alikuwa amelala Milada, shati lake la pete za chuma limenaswa na mnyororo wa mkokoteni, amefumba macho, midomo mikavu ikitafuta hewa.

"Leta ile chupa, shemeji."